Matusi ya Galbet na Ng'ombe wa Hinda

Msiniambie habari ya Abdihafid na Dubow. Hao wana mdomo, na mdomo haijawahi kunywesha hata ndama.

Abdihafid ni mtu wa semina. Anasema moshi ya viwanda imeharibu hewa ya dunia ndio sisi tunakauka, na ukikataa anakuita punda. Dubow anauza mbuzi sokoni. Anasema mvua ni ya Mungu peke yake, hayo mengine ni uongo ya watu wa posho, na Abdihafid ni kafiri wa kukodishwa. Wote wawili ni watoto wa dada zangu. Niliwabeba mgongoni. Ningejua, ningewaacha watembee.

Sasa binti yangu Hinda, ng'ombe wake kule Kotile walikuwa wanainuliwa kwa mkia ndio wasimame. Lazima wahame ama waishe. Na sisi hatuhami kwa kubahatisha. Tunatuma sahan, mtu wa kutangulia kuangalia nyasi na maji. Akirudi anapewa maziwa, anasema, na hakuna mtu anamkata. Ukimkata, ananyamaza, hamsikii tena. Hata mwendawazimu wetu anajua hiyo.

Tulimtuma Yarow. Akarudi miguu imepasuka. Tukakutana Galbet, maana wenye ng'ombe wengi siku hizi wanaishi mjini, vumbi inawaumiza.

Yarow akaanza, "Nimepita Ijara yote. Mvua haiji vile ilikuwa ikija."

"Mmesikia?" Abdihafid akasema. "Mwambie huyo baba wa ujinga."

Dubow akamwangalia Yarow. "Na wewe watu wa semina wamekupa fulana?"

"Adeer, mzee wangu, ngoja. Mungu akipenda, iko mahali..."

"Mungu akipenda," Abdihafid akacheka. "Huyu ni wa Dubow."

"Nyamaza, kuku wa semina. Wewe unataga, mzungu anakula yai."

Watu wakacheka. Hata mimi, hiyo ya yai ilikuwa tamu. Kumaliza kucheka, Yarow ameweka kikombe chini, amechukua fimbo, ametoka. Hao wawili hawakuona. Walikuwa wanatafutiana tusi kubwa zaidi.

Hinda akamfuata nje, mimi nyuma yake. Akamkalisha kivulini, akamletea maziwa upya, tukanyamaza kabisa. Ndio Yarow akasema yote: nyasi iko upande ya msitu wa Boni, maji pia, lakini kuna mbung'o, muwashe moto ya moshi karibu na ng'ombe.

Kesho yake Hinda akahama. Mmoja alikufa njiani, wengine wakafika, alhamdulillahi, wakala wakashiba. Alipopata mtandao akatuma sauti kwa grupu ya ukoo: "Nyasi iko ya wote. Njooni, Yarow atawapitisha."

Abdihafid akajibu, "Dubow ndio amekutuma?"

Dubow akajibu, "Umelipwa na mradi gani?"

Halafu wakaendelea kutukanana wao kwa wao, mpaka leo, na ng'ombe zao ziko Kotile zinalamba udongo.