Almasi za Sadock

Kaka yangu Sadock amerudi Gonja kutoka Namibia, alikokuwa mlinzi kwenye mgodi wa almasi wa ufukweni. Hakurudi na hata punje moja ya almasi. Amerudi na maelezo, na tangu Jumapili nimeyasikia kanisani, bombani na dukani mpaka nimechoka.

Jana alimfuata mama uani, akamkuta anapepeta maharage.

"Mama, almasi zinatoka mbali huko bara," akaanza. "Mto unazikokota mpaka baharini. Huko mawimbi yanazigonganisha na mawe mchana na usiku, zenye ufa zinasagika. Mchanga ni mwepesi, mkondo unauchukua. Almasi ni nzito kuliko mchanga, kwa hiyo zinazama kwenye changarawe na kunasa kwenye mianya ya miamba. Ndiyo maana pale unakuta nzuri tupu, zimerundikana pamoja."

Mama akarusha ungo. Makapi yakapeperuka, maharage yakabaki.

"Kama hivi," akasema.

"Hivyo hivyo, mama!" Sadock alifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mmoja anayeelewa.

"Kwa hiyo nzito zinabaki, nyepesi zinaondolewa."

"Kabisa."

"Na mwenzako Elirehema, mliyekwenda naye?"

"Elirehema bado yuko kule kule. Wamempandisha cheo."

Mama akapepeta tena.

Sadock akatazama makapi yaliyomwangukia viatuni, akaanza kuyapangusa.