Nitengenezee Chai

Kwetu huku Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, chai inaliwa. Saa sita mchana tunakula chakula kikuu, na saa kumi na moja jioni tunakula chai: viazi, nyama, mchuzi, na mkate wa siagi pembeni. Ile ya kunywa kwenye kikombe ina jina lake, tunaiita "ya kuchemsha". Mtoto wa miaka minne anajua tofauti. Halmashauri haijui, na mimi, Norma Entwistle, mwenye miaka themanini na mmoja, niliyewapikia watoto wa shule ya mtaani kwetu miaka thelathini na mmoja, ndiye niliyelipia ujinga huo.

Fernley si jela, nisiwe mwongo. Ni nyumba za halmashauri za sisi wazee. Kila mtu ana mlango wake na kajiko kake, wahudumu wanakuja ukibonyeza kengele, na chini kuna ukumbi wa kulia. Nilivunjika nyonga mwezi wa tatu, nikatoka hospitali nikaletwa hapa, na siku hiyo hiyo fundi akatia kufuli kwenye swichi ya jiko langu.

"Mpaka upimwe, Bi Norma," alisema Lorraine, msimamizi wetu. "Ni utaratibu wa kila anayetoka hospitali."

Lorraine huyo nimemlisha tangu ana miaka mitano. Alikuwa anaficha njegere kwenye soksi ili asizile, nami nilikuwa nazitoa moja moja huku darasa zima linacheka.

Wiki tisa zikapita. Naamka nalitazama jiko, nalala nalitazama jiko. Chakula cha ukumbini si kibaya, mpishi wetu Beattie anajua kupika, lakini kinaamuliwa na karatasi ya ukutani: Jumatatu kuku, Jumanne samaki, upende usipende. Nikitamani yai la kukaanga, siruhusiwi. Yai! Mtu mzima na akili zangu! Kuna siku kuta za kile chumba zilinibana mpaka nikafungua dirisha na kutoa kichwa nje nipate hewa.

Mpimaji mwenyewe akaja siku ya Alhamisi. Imogen, msichana wa kusini, mpole, ana kompyuta mapajani. Alitakiwa kufika saa nane, treni ikamchelewesha mpaka saa kumi na nusu. Tukaingia kwenye jiko la mafunzo, chini, Lorraine akakaa kwenye kiti karibu na mlango kama shahidi.

"Sheria yangu ni moja," alisema Imogen. "Nikishakuambia la kufanya, siruhusiwi kukusaidia wala kukusemesha. Nakutazama tu. Ukifaulu, kufuli linatoka leo hii. Usipofaulu, jiko linaondolewa kabisa, na utakula ukumbini moja kwa moja."

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Haya. Nitengenezee chai."

Nikatazama saa ya ukutani. Nikasema moyoni, binti wa watu katoka mbali, hajatia kitu tumboni, na wakati wenyewe ndio huu. Nikafungua friji nikakuta soseji na viazi vya darasa la upishi. Jamani, nilifurahi! Nikamenya viazi sita, maganda membamba, kisu hakikutetemeka hata mara moja. Nikakaanga vitunguu taratibu mpaka vikawa rangi ya kahawia, nikavifanyia mchuzi, soseji nikazigeuza kwa uma. Nyonga ilikuwa inauma na sikuijali. Nyuma yangu nilisikia vidole vya Imogen kwenye kompyuta, tiki tiki tiki, nikadhani ananiandikia sifa. Lorraine alikohoa mara mbili. Nikadhani ni moshi.

Nilizima kila kitu, nikafuta meza, nikapakua sahani mbili.

"Karibu, kabla hakijapoa."

Imogen hakugusa uma. "Bi Norma," alisema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "nilikuomba nini?"

"Chai."

"Na hii ni nini?"

"Si ndiyo chai!"

Akaandika. "Na sahani ya pili ni ya nani?"

"Yako. Ya nani tena?"

"Nauliza kwa sababu naona hapa mume wako, Bwana Harold, alifariki..."

"Harold amekufa mwaka wa kumi na mbili sasa, na soseji alikuwa hazipendi! Wewe si umesema nikutengenezee?"

"Niliomba kikombe cha chai, mama. Maji, majani na maziwa."

"Si ungesema ya kuchemsha!"

"Ya kuchemsha nini?"

Hapo ndipo nilipojua nimenasa. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimechanganyikiwa. Nikasema chai inaliwa, akatikisa kichwa kwa huruma. Nikapandisha sauti, akaandika kwamba nimepandisha sauti. Nikamgeukia Lorraine, na niliona aibu jinsi nilivyomwomba.

"Lorraine, mwanangu, mwambie. Wewe ni wa hapa hapa. Kwenu chai mnakula saa ngapi?"

Lorraine akaangalia viatu vyake. "Kwetu tunaita chakula cha jioni, Bi Norma."

Mwongo mkubwa! Mama yake, marehemu Edie, alikuwa anasimama barabarani anamwita kwa sauti ya kupasua masikio aje ale chai. Mtaa mzima ulisikia. Imogen akafunga kompyuta, akaniambia nisijisikie vibaya, inawatokea wengi.

Asubuhi yake Lorraine aligonga mlango. Macho yalikuwa yamevimba. Sikumwambia akae.

"Tuko thelathini, Bi Norma," alisema. "Thelathini kamili wanaokula ukumbini. Halmashauri imeniandikia: akipungua hata mmoja, jiko la Beattie linafungwa, tunaletewa masanduku ya chakula kilichogandishwa, cha kupasha moto tu. Ungepewa jiko lako, ungejitoa."

"Siku hiyo hiyo ningejitoa."

"Najua."

"Kwa hiyo ukaniuza."

"Nikakuuza." Akaweka karatasi mezani. "Hii ni ya rufaa, una siku saba. Ijaze, na mimi nitaandika chini kwamba nilidanganya. Watanifukuza, sawa. Sitakulaumu."

"Toka," nilimwambia. "Toka nisije nikakutia kofi, na umri wako huo."

Kalamu niliitafuta kabla hajafika mwisho wa ujia. Nikaandika jina langu. Kisha Cyril akagonga, maana ilikuwa saa sita kasoro, na Cyril wa chumba cha jirani hunipitia kila siku twende kula. Alikotoka kabla ya hapa walikuwa wanaletewa hayo masanduku. Alifika Fernley suruali kaifunga kwa kamba. Sasa ana kitambi, na anakionea fahari kama mimba.

"Vipi mtihani, bibi mpishi?" aliniuliza kwenye ngazi.

"Nimefeli."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Umeunguza maji?"

Tukakaa mezani. Nilimtazama anavyokula, anavyokombeleza mchuzi wa Beattie kwa mkate mpaka sahani ikawa nyeupe.

Karatasi sikuipeleka. Tafadhali mtu asinisifu. Ningependa kusema niliacha kwa wema, lakini kila siku nilikaa mbele yake nikamlaani Lorraine, nikailaani halmashauri, nikamlaani na Cyril na kitambi chake, na kila siku saa sita kasoro mlango ukagongwa. Siku ya saba ikaisha hivyo. Lorraine simsalimii mpaka leo.

Jumatatu iliyofuata walikuja mafundi wawili na toroli. Mmoja, kijana wa hapa hapa mjini, alifungua kufuli akalijaribu jiko kwanza. Sahani zake zote nne za kupikia zikawaka nyekundu.

"Mbona zima kabisa, bibi? Lina nini?"

"Halina kitu."

"Sasa unalitoa kwa nini?"

"Nimepimwa," nilimwambia. "Imeonekana sijui kupika."

Alinitazama aone kama ninatania, kisha akainama, wakalinyanyua. Mlango wa Fernley hujifunga wenyewe usipoushika, na wao mikono yao ilikuwa imejaa, basi nikaenda nikawashikia.