Nguo za Noeli za Hrabinka ya Kale

Filomena Hudáková alikuwa amepiga magoti juu ya barafu ya bwawa, akisuuza kitambaa cha meza katika tundu alilotoboa asubuhi kwa shoka. Kitambaa kilikuwa cha kitani, kimefumwa na marehemu mama yake, na mashine ya kufulia haikuruhusiwa kukigusa. Alikuwa amekichemsha kwa sabuni na majivu, akakipigapiga kwa ubao mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Sasa kilibaki kusuuzwa, kutiwa buluu ya kung'arisha na kanji, kuanikwa na kupigwa pasi. Pembeni yake Hermina, jirani yake, alikuwa akisuuza foronya huku akimsema mke wa mwanawe, ambaye eti alitaka kupamba meza ya Noeli kwa kitambaa cha plastiki.

Mkono ukatoka majini ukamshika Filomena kwenye kifundo cha mkono. Haukumvuta. Ulimgusa tu, kama mtu anayepiga hodi, kisha ukamkabidhi furushi.

Filomena alilifungua juu ya barafu. Ndani mlikuwa na shati refu la kiume, limejaa tope. Kwenye kola palikuwa na ua jekundu, na mshono wa bega la kushoto ulikuwa umepinda. Aliupinda yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa akilia alipoushona. Lilikuwa shati alilomzikia mumewe.

"Ondrej ameleta shati lake," akasema.

"Limechafuka?"

"Tope tupu."

"Wanaume!" Hermina akaguna. "Hata kaburini hawajui kutunza nguo." Akasogeza beseni lake karibu na tundu, maana mkono mwingine ulikuwa umeshatokeza upande wake.

Hrabinka ya Kale ilizamishwa chini ya bwawa hilo ili miji ipate umeme. Watu walihamishiwa mlimani, kwenye nyumba zinazofanana kama mayai. Kuhusu wafu wao waliambiwa waondoe wasiwasi. Alojz Krivoš, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, alisimama mbele ya kanisa akaahidi kwamba kila marehemu angefukuliwa kwa heshima na kuzikwa upya kilimani. Makaburi yakazungushiwa mabati, na wenyeji wakakatazwa kusogea kwa sababu za afya. Malori yakaenda na kurudi. Mabati yalipoondolewa, misalaba na mawe yote yalikuwa yamesimama kilimani, kwa mistari iliyonyooka kuliko zamani. Watu wakashukuru. Wakapanda maua, wakawasha mishumaa. Kila Jumapili baada ya misa Filomena alipanda kilima kumsimulia Ondrej habari za kijiji: nani kaoa, ng'ombe wa nani kazaa. Miaka yote hiyo alikuwa akizungumza na jiwe.

Mpaka jioni wanawake wote wa Hrabinka Mpya walikuwa bwawani. Mafurushi yalipanda moja baada ya jingine. Hakuna aliyehitaji kuuliza la nani, kwa kuwa wao ndio waliowaosha na kuwavika maiti wao, na kila mmoja aliujua mkono wake katika sindano. Yalikuja mashuka yaliyotandikwa majenezani. Yakaja mashati ya wakata miti, vijigauni vya watoto wachanga, na shela la binti wa mpiga kengele, aliyekufa kabla ya kuolewa na kuzikwa kama bibi harusi. Shela lilipewa Filomena, kwa sababu lilitaka mkono mwepesi.

"Tuharakishe," akawaambia wenzake. "Wako uchi huko chini, na Noeli hiyo inaingia."

Masufuria makubwa ya kuchemshia nguruwe yakatolewa yakachemshiwa nguo. Tope lile lilikuwa kaidi. Lilitoka kwa maji ya tatu, jeusi, likinuka majani yaliyooza. Kanji iliposhindwa kutosha, wakakuna viazi wakatengeneza nyingine.

Hakuna aliyejiuliza wafu waliwezaje kutuma nguo. Noeli ni Noeli, nao walikuwa watu wa usafi. Swali lililowakaa kooni lilikuwa jingine: kama hawa wako bwawani, kilimani kuna nani? Hermina, mtu asiyeamini la kuambiwa, aliwasha moto juu ya kaburi la baba yake ili udongo ulainike, akachimba. Alikuta udongo wa mfinyanzi wa manjano, mgumu, ambao haukuwahi kuguswa na sepetu tangu Mungu auumbe. Akarudi nyumbani akanawa mikono, akaendelea kufua. Ila siku hiyo alizipiga nguo kwa ubao hadi majirani wakadhani anapasua kuni.

Kamba zilizidiwa ndani ya nyua, zikavutwa kukatiza barabara. Nguo ziliganda kwa baridi. Mashati ya wafu yakasimama angani mikono imepanuliwa, na mtu yeyote aliyetaka kwenda dukani alilazimika kuinama kupita chini yake. Ndipo Alojz Krivoš alipotoka ofisini kwake.

"Ndugu zangu, anueni nguo hizi," akasema. "Wageni wa Noeli wanakuja kutoka mjini. Watafikiri nini?"

"Watafikiri tunafua, Alojz," Filomena akajibu.

"Ndugu mwenyekiti."

"Alojz, nilikufuta makamasi ukiwa huna hata meno. Wewe ulituambia umewahamisha."

"Walihamishwa wote. Tulihakikisha."

"Mlihakikisha mawe!" Hermina akafoka. "Baba yangu ni jiwe? Mmebeba jiwe lake mkamwacha mwenyewe alowe kama maharage! Nami kila mwaka nakuja kukushika mkono, ahsante ndugu mwenyekiti, ahsante!"

Krivoš akavua kofia, akaivaa tena. "Wakubwa walitupa muda mpaka theluji iyeyuke. Malori hayakutosha. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?"

"Tungesema," akasema Filomena. "Tungewaambia watu, jamani, hatutawahi, njooni na masepetu. Nani angekataa kumchimbua mama yake?" Akanyoosha kidole kwenye kamba ya mwisho. Palikuwa na gauni jeupe lenye ngano zilizodariziwa kifuani. "Lile ni la mama yako. Bibi Rozália alilishona mwenyewe alipoanza kuumwa. Tumeshalifua. Lipige pasi umpelekee, atafurahi."

Krivoš alilikaribia gauni. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama yangu yupo kilimani. Kama yuko bwawani, basi mimi ndiye niliyemzamisha. Kwa hiyo hayuko bwawani."

Akalitoa gauni kwenye kamba. Lilikuwa limekakamaa kwa barafu, halikunjiki, ikabidi alibebe kwapani kama ubao. Alipofika nyumbani, bomba la jiko lake lilitoa moshi mweupe, na harufu ya kitani kinachoungua ikashuka barabarani. Wanawake waliinua nyuso, wakainusa, wakarudi kwenye kazi yao.

Mkesha wa Noeli ulipofika, pasi zilikuwa bado zinapita. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, na juu ya jiko supu ya kabichi na uyoga ilikuwa ikichemka. Samaki walikuwa wamenunuliwa mjini, maana tangu siku ile hakuna aliyetaka kula samaki wa bwawani. Filomena alikunja shati la Ondrej, mikono ndani, kola juu. Kisha akafungua sanduku lake chini ya kitanda akatoa gauni la kitani lenye maua ya buluu pindoni.

Hermina, aliyekuja kuazima makaa, akasimama mlangoni. "Mwenzangu, hilo si la kwako la kuzikiwa?"

"Ndilo."

"Unampa Rozália? Aliyemzaa yule?"

"Kwani yeye ndiye aliyelichoma? Siwezi kuketi mezani na ajuza wa watu yuko uchi majini."

"Na ukifa kesho?"

"Mtanivika lile la kanisani."

"Lile lina doa la supu."

"Doa liko nyuma. Nitalilalia."

Hermina aliingia ndani. Alichukua gauni, akalipiga pasi yeye, taratibu, akipitisha ncha ya pasi katikati ya kila ua.

Kabla nyota ya kwanza haijatokeza na watu kuketi mezani, walishuka bwawani na vikapu. Mikono ilikuwa ikingoja kwenye matundu, mingine mikubwa, mingine midogo kama ya wanasesere. Filomena aliujua wa Ondrej kwa pengo la kidole kilichokatwa na msumeno. Akampa shati. Mkono ukalipokea, kisha ukarudi mtupu, ukamshika vidole, naye akabaki ameushika vilevile, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Nenda ukavae, utachelewa." Ukaenda.

Wa mwisho ulikuwa mkono wa ajuza, wenye mishipa iliyosimama. Ulipewa gauni, ukapapasa pindo kwa kidole gumba. Ukapata maua mahali ulipotarajia ngano. Ukatulia. Halafu ukalishusha gauni chini ya maji, ukarudi juu, ukabaki umefungua kiganja, ukingoja.

"Hakuja, Bibi Rozália," Filomena akamwambia. "Ana shughuli nyingi."

Kiganja kikaendelea kungoja. Nyota ilipotokeza juu ya mlima, kikajifunga na kuzama.

Nyumbani kila kaya ilipaka asali kwenye mikate yake myembamba ya Noeli, ikasali, ikala. Ilikuwa Noeli nzuri. Vitambaa vya meza vilisifiwa na wageni wote.

Baada ya sikukuu Filomena na Hermina walipanda basi kwenda wilayani. Mkubwa mmoja mwenye shingo nene aliwasikiliza huku akinywa chai, asiwakaribishe. Akawaambia kwamba wafu wa Hrabinka walihamishwa, jambo hilo lilifungwa zamani, na kwamba nguo chafu majini ni uchafuzi, hivyo washukuru kwamba hawakutozwa faini.

"Mume wangu ni uchafuzi?" Filomena akauliza.

"Mume wako, bibi, yuko kilimani."

Wiki hiyohiyo Alojz Krivoš alivishwa nishani kwa kuhamisha kijiji kwa mpangilio wa mfano. Alipiga picha nayo kilimani, mbele ya jiwe la mama yake. Kando ya bwawa kikapigiliwa kibao kinachokataza kufua.

Vuli iliyofuata miji ilitaka umeme zaidi, na maji ya bwawa yakaongezwa kina, bila mtu wa Hrabinka kuulizwa. Yalimeza mti wa mwisho wa tufaha wa kijiji cha kale na kusogea mpaka karibu na barabara. Noeli ilipokaribia, wanawake walitoboa barafu nyuma ya kibao wakapiga magoti wakasubiri. Mikono haikufika. Waliona weupe wake kwa mbali chini, ikijinyoosha.

Hermina alitoa tusi ambalo halijawahi kuandikwa, akaenda dukani. Akarudi na kamba ndefu. Wakaifunga kwenye kikapu, wakaweka jiwe ndani ili kizame, wakakiteremsha. Kilipovutwa juu kilikuwa kizito, kimefurika nguo, na Filomena akaanza kuzitenganisha, za watoto huku, mashuka kule.