Gari la Pili la Hezroni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 9 Machi 1993, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ikupa, mke wa Hezroni, alikuwa amekaa barazani pale Itopela, wilayani Kyela, akipeta mchele. Akaweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje, akasema kifua kinambana. Pikapu ya Hezroni ilikuwa Mbeya na magunia. Jirani akapiga baiskeli kwenye tope, maili saba mpaka hospitali, akaambiwa ageuze tu, gari la wagonjwa linakuja nyuma yake. Kweli lilitoka. Daftari la getini linasema lilitoka saa tano na nusu, tangi limejaa. Halikufika. Ikupa akasubiri mpaka saa tisa, kisha akaacha kusubiri.

Hezroni aliishia darasa la nne, lakini kuuliza hakuhitaji darasa. Alikwenda hospitali kuuliza. Kwanza wakamwambia petroli iliisha njiani. Alipowatajia daftari la getini, wakasema dereva aliugua. Dereva mwenyewe alikuwa amekuja matangani, mzima kama kiboko, akala sahani mbili. Basi wakasema ni barabara. Barabara ile ile aliyopita jirani na baiskeli. Mwisho wakamwelekeza Ofisi ya Malalamiko, chumba kimoja cha matofali pale njia panda, nusu ya safari kati ya Itopela na mjini, na humo akamkuta Bwana Kenani.

"Siku ile gari la wagonjwa lilikwenda wapi?" akauliza Hezroni.

"Suala lako linashughulikiwa," akajibu Bwana Kenani.

Ikawa hivyo kila Jumatatu, miaka miwili na zaidi. Hezroni akatoka na maneno yake, akawa anayasema kilabuni kila akipata wa kumsikiliza: wakubwa wana mikono kumi ya kupokelea, hawana hata kidole kimoja cha kuonyeshea.

Mwaka 1995 mwanawe Godwin akaoa. Mke aliitwa Tusekile, binti wa Busale, mrefu, mchapakazi, mwenye kicheko kinachosikika mashamba mawili mbele. Hezroni alikisikia kicheko tu. Uso hakuwahi kuuona, maana mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe, hapiti njia moja naye, halitaji jina lake. Wenyewe wanaita ukutila. Mjini watu walishaanza kulegeza, wengine wakasema dini imeyamaliza hayo. Tusekile hakulegeza. Akisikia pikapu ya mzee inakuja, anajifunika kanga na kuingia migombani na ndoo yake kichwani, na maji hayamwagiki.

Walipokuwa na la kuambiana walipitia kitu cha tatu. "Wewe kuku," angesema Hezroni uani, "mwambie mwenye nyumba yako chumvi imezidi." Na kutoka jikoni: "Kuku, mwambie baba chumvi ni ile ile, ulimi ndio umezeeka."

Tusekile alipopata mimba, Hezroni akafanya hesabu yake. Pikapu ilikuwa na Godwin siku nyingi kuliko ilivyokuwa nyumbani. Leo Mbeya, kesho Karonga ng'ambo ya mpaka. Na hata ikiwepo, mkamwana atapandaje gari alimokaa mkwewe? Palitakiwa gari la pili, dogo, la safari fupi: kanisani, sokoni, na ile safari moja ya maili saba. Hiyo ya mwisho hakuitaja kwa mtu.

Akaenda kwa Godlove, mfanyabiashara, baba wa Ikolo, mama wa Karonga, mtu ambaye mpaka kwake ulikuwa kama kizingiti cha mlango. Uani kwake yalisimama magari mawili. La kwanza jekundu, la petroli, lililotumika Japani mpaka likachoka, likaletwa Kyela kupumzika. La pili jeupe, wazi pembeni, lina paa la turubai na viti viwili na nyuma kibao cha kuwekea mizigo. Hilo lilikuwa la kiwanda kimoja cha umma. Meneja alikuwa akizungukia mashine nalo, mpaka kiwanda kikauzwa, na mashine zikauzwa, na meneja akawa hana cha kuzungukia. Lilitumia betri.

"Ugonile, baba," akasema Godlove. "Siku hizi soko huria. Unachagua mwenyewe."

"Nikikosea?"

"Umekosea mwenyewe. Ndiyo raha yake." Akalipiga boneti lile jekundu. "Chukua hili. Petroli naleta mimi, madumu kwa madumu, inavuka mto Songwe haijalowa. Hili jeupe ni kibanda cha chipsi chenye magurudumu. Utalichaji wapi?"

Hezroni akafikiri. Mwaka uliotangulia, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, watu walikuja na lori wakachimbia nguzo za umeme kutoka barabarani hadi mlangoni kwake, wakasema waya unafuata. Waya haukufuata. Kyela ukichomeka mpini wa jembe unaota, na nguzo ziliota. Mbili zilikuwa na kivuli kizuri na moja ilikuwa na kiota cha kwarara. Lakini nguzo ni nguzo.

"Nguzo ninazo," akasema.

"Baba, nguzo si umeme."

"Sikiliza, Godlove. Siku ile waliniambia petroli imeisha. Mimi sitaki tena kuambiwa petroli imeisha. Nipe la betri. Hata kama haliendi, siyo kwa sababu hiyo."

Godlove akamtazama, akampunguzia bei bila kuombwa, akamwazima na ng'ombe wawili wa kulivuta.

Ng'ombe walipofika njia panda Hezroni akawasimamisha chini ya dirisha la Ofisi ya Malalamiko, akachungulia ndani. "Bwana Kenani, nimenunua gari la umeme. Umeme uko wapi?"

"Uko njiani, mzee."

Ndani ya kigari mshale wa betri ukasogea kidogo, upana wa punje ya mchele. Hezroni aliuona. Na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, akauliza na lile jingine: siku ile gari la wagonjwa lilikwenda wapi?

"Suala lako linashughulikiwa."

Mshale ukapanda hadi nusu. Hezroni akawafungua ng'ombe, akakaa kwenye usukani, akaondoka. Bwana Kenani akamwangalia mpaka alipopotea kwenye mpunga, kisha akafungua jalada la taarifa za robo mwaka akaandika: Itopela, umeme umefika, kaya moja.

Tangu hapo Jumatatu ikawa siku ya kuchaji. Swali la nguzo lilitosha kwenda dukani na kurudi. Swali la Ikupa lilitosha wiki nzima. Majirani wakalitumia gari kama lao, wakapeleka wazee kliniki na mbuzi mnadani. Mwalimu Asajile, ambaye alikuwa anaulizia uhamisho wake tangu anaoa, alileta redio pale dirishani, akauliza, ikalia wiki tatu. Akina mama wakulima wa kakao wakaleta tochi. Bwana Kenani hakuwa mchoyo. Alimwambia kila mtu kwamba linashughulikiwa, na jioni Itopela ilionekana kutoka mbali.

Godwin alimfundisha mkewe kuendesha, kwenye jaruba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Hezroni alisikiliza akiwa nyuma ya nyumba. Alisikia kicheko, kisha kishindo, kisha kicheko tena.

"Wewe gari," akasema kwa sauti, "mwambie dereva wako mgomba ule ulikuwa na mkungu."

"Gari, mwambie baba mkungu tumeuchukua. Leo tunapika."

Jumatano tarehe 17 Aprili 1996, saa mbili asubuhi, Tusekile aliweka ungo chini. Hakumwaga punje. Hezroni aliona ungo ule kupitia mlango wa jikoni, mikono tu ikiuweka, akaita mkunga. Pikapu ilikuwa Karonga na Godwin. Kisa, mkunga wa kijiji, akaingia, akapapasa tumbo, akatoka.

"Mtoto amelala upande. Hapa si kwangu. Hospitali, sasa hivi."

Jumatatu ya wiki ile ofisi ilikuwa imefungwa. Bwana Kenani alikuwa amepandishwa cheo na kupelekwa mkoani, na mgeni alikuwa bado hajafika. Mshale ulikuwa karibu na sifuri. Ungewafikisha njia panda, basi.

Wakatoka. Hezroni mbele na baiskeli, hageuki nyuma. Kigari nyuma yake, Tusekile kwenye usukani kajifunika kanga, Kisa pembeni yake kwa kuwa hajui kuendesha kitu. Uchungu ukija Tusekile anakanyaga breki; ukipita anaachia. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Kisa," akasema Hezroni huku anakanyaga pedali, "muulize huyo kama anaweza."

"Mimi ni mkunga, mimi si posta," akasema Kisa. "Semeni na gari lenu."

"Gari," ikatoka sauti chini ya kanga, "mwambie baba akanyage. Ananichelewesha."

Chini ya dirisha la ofisi kigari kikazimika. Hezroni akatupa baiskeli akaingia. Nyuma ya meza alikaa msichana mwenye miwani, Anyes, mgeni siku ya pili kazini. Majalada yote yalikuwa yamepangwa upya, hakuna vumbi. Hezroni hakulipenda jambo hilo.

Akauliza haraka haraka, amesimama. Siku ile gari la wagonjwa lilikwenda wapi?

"Kaa, mzee wangu," akasema Anyes. "Wewe ndiye Hezroni. Jana nimesoma jalada lako lote. Pole sana. Kumbe kuna barua humu, imekaa miaka mitatu bila kufunguliwa. Gari lilipotoka getini lilikwenda..."

"Gari!" Tusekile akapiga kelele nje. "Mwambie baba taa zimezima! Hata honi haipo!"

Hezroni akatazama kidole cha Anyes. Kilikuwa kimesimama kwenye mstari wa tano, kucha fupi, safi. Chini ya kidole kile kulikuwa na jina la mahali, na pengine jina la mtu. Miaka mitatu alikuwa amelala na kuamka na mstari ule bila kuuona. Hakuwa na miwani, na hata angekuwa nayo, herufi za mashine zilimsumbua.

"Funika," akasema.

"Nini, mzee?"

"Funika jalada, mwanangu. Usinijibu. Niambie linashughulikiwa."

"Lakini halishughulikiwi. Jibu hili hapa."

"Najua. Sema hivyo hivyo."

"Siwezi kukudanganya, mzee. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kazi."

"Nje kuna mkamwana wangu," akasema Hezroni, "na mtoto amelala upande."

Anyes akasimama, akachungulia dirishani. Akaona kanga, na mkono umeng'ang'ania usukani. Akafunika jalada.

"Suala lako," akasema, "linashughulikiwa."

Kwa kuwa alikuwa na jibu mkononi wakati anasema, mshale ulipita nusu, ukapita alama ya mwisho, ukagota pale ambapo hapakuwa na namba. Taa zikawaka mchana kweupe. Kigari kikaondoka hata kabla ya Tusekile kukanyaga vizuri, na Hezroni na baiskeli yake wakaachwa maili nzima nyuma, matope hadi kwenye meno.

Mtoto alizaliwa saa sita kasoro, kwa kisu, wa kike, mzima. Hezroni alikaa nje ya wodi, mgongo ukutani. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake.

"Wewe ukuta," sauti ikasema ndani, dhaifu lakini na kicheko kimejificha humo, "mwambie baba mtoto anaitwa Ikupa."

"Ukuta," akasema Hezroni, "mwambie ndaga fijo, asante sana."

Kesho yake mapema akarudi njia panda, kwa baiskeli, kigari amekiacha hospitali makusudi. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alikuwa tayari kujibiwa.

Anyes hakuwepo. Kulikuwa na mtu mwingine, mnene, anayekula karanga. Akaeleza kwamba binti yule amehamishiwa mbali sana, usiku ule ule, kwa sababu alikuwa anafungua barua. Jalada? Alitafuta juu ya meza, akatafuta chini, akapuliza maganda. Jalada halikuonekana.

"Lakini suala lako linashughulikiwa, mzee," akasema.

Kule hospitali, Kisa alisema baadaye, kigari kilipiga honi chenyewe mara moja.

Mtoto Ikupa sasa anatembea, na anapenda kukaa kwenye kibao cha nyuma, miguu inaning'inia. Itopela hakujaletwa gari la wagonjwa. Nguzo zimezaa mbegu. Wanawake wenye mimba wakimwona Hezroni Jumatatu anaelekea njia panda, wanamkimbilia na kumshika mkono kwa heshima zote. "Baba," wanamwambia, "tunakuomba, usije ukajibiwa."

Naye anawaitikia, maana maili saba ni maili saba. Lakini akifika dirishani huwa anavua kofia, anauliza polepole, neno kwa neno, kama mtu anayetaka kweli kujua: siku ile, lilipotoka getini saa tano na nusu na tangi limejaa, gari la wagonjwa lilikwenda wapi?