Nilimwona Akizama

Siku ya pili ya mafunzo ya wakalimani kule Maseno, mwalimu wao, Bi Tejinder, aliandika maneno mawili ya Kiingereza ubaoni: "sink" na "drown". Akauliza tofauti yake ni nini.

"Yote ni kuzama tu," mtu mmoja akajibu, darasa likacheka.

"Kwa Kiswahili, ndiyo. Lakini 'sink' ni kwenda chini. Mtu anaweza kwenda chini, kisha akaibuka anakohoa. 'Drown' haina kuibuka. Huyo maji yamemuua."

Dorca Akello, aliyekuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na miwili, aliweka kalamu chini.

Miaka minne nyuma, mvuvi aitwaye Waswa alisimama mbele ya hakimu katika uchunguzi wa kifo cha Okinyi, kijana aliyeanguka kutoka kwenye mtumbwi wao, mwili wake usipatikane. "Nilimwona akizama," Waswa alisema. Dorca hata hakufikiri. "I saw him drown," akatafsiri. Hakimu akaandika. Faili ikafungwa, na msako, uliokuwa ukisuasua, ukaachwa kabisa. Mama yake Okinyi akazika tunda la yago mahali pa mwili, kama Wajaluo wafanyavyo kwa mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha.

Tangu Maseno, Dorca hakutulia. Akiosha vyombo, aliona kikombe kikijaa maji na kwenda chini ya beseni, naye akabaki amekikodolea macho, povu likimkaukia mikononi. Jumamosi alimtafuta Waswa. Alikuwa ameacha uvuvi, sasa anauza viatu vya mitumba katika soko la Kibuye.

"Siku ile, ulimwona Okinyi akifa?"

"Madam, mimi nilisema nilimwona akizama."

"Najua. Alikuwa anakufa, ama alikuwa anaenda chini?"

Waswa aliacha kupiga brashi. "Anaenda chini. Halafu kichwa kikatokea tena, mbali, kando ya magugu. Mara mbili. Wimbi likatugeuza, sikuona kitu tena."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja swali lingine. Wewe ukaongea Kizungu chako, hakimu akaandika, nikaambiwa nishuke."

Kesho yake Dorca alikwenda hadi nje kidogo ya Katito, nyumbani kwa Mama Okinyi. Alimkuta uani akipepeta mtama. Alimweleza yote bila kujitetea. Ungo ukasimama mikononi mwa mama yule.

"Nyathina, mwanangu, unaniambia yuko hai?"

"Hapana, Mama. Nakuambia hatujui. Mimi ndiye nilisema tunajua."

Mama Okinyi aliuweka ungo chini. Kisha akasema polepole, "Miaka minne ananijia ndotoni, na haji na maji. Nguo zake kavu. Nywele kavu. Anasimama hapo nje anauliza kwa nini nimefunga mlango. Nilimwambia pasta, akasema ni huzuni."

Akainuka, akaenda kaburini, akashika msalaba wenye tarehe ya kifo. Ulikuwa umekita. Dorca akaushika upande wa pili, wakatikisa pamoja mpaka ukang'oka. Mama Okinyi akauegemeza ukutani, maandishi yakitazama ukuta.

Dorca alikula kiapo kwa wakili, akaandika kosa lake lote, akayapeleka maandishi hayo mahakamani. Aliondolewa kazini kwa muda. Baada ya miezi mitano shauri lilisikilizwa upya, naye akakaa kwenye benchi la watazamaji, karibu na Mama Okinyi, mapaja yao yakigusana. Waswa aliulizwa maswali mengi safari hii, na mkalimani mpya, Nabalayo, hakupitisha neno hata moja bila kuuliza lina maana gani. Hakimu akafuta uamuzi wa kwanza. Okinyi akaandikwa kuwa ametoweka.

Nje, jua la saa sita lilikuwa likichoma. Dorca alitaka kumpeleka mama yule apate chai na kitu cha kutia tumboni.

"Siku nyingine," Mama Okinyi akasema, akikaza leso yake kiunoni, macho yake tayari yakiwa barabarani. "Wacha niwahi gari. Nimeacha mlango umefungwa."