Sosi ya Dirishani

Bakuli la kumi na moja mama hakulionja. Alilinusa, akageuzia uso ukutani, akasema, "Hiyo ni rangi ya mlango."

Alijua pa kunichoma. Kazi yangu ni kuchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtu huja na kipande cha lipu kilichobanduka ukutani, au kitambaa cha pazia la marehemu shangazi yake, ananiambia anataka rangi hiyohiyo. Nadondosha nyekundu, nadondosha manjano, naongeza nyeusi kidogo kama machozi ya mbu, napaka kwenye kibati, kinakauka, na mteja anaondoka anacheka peke yake. Dukani waliniita Jicho. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na kiburi cha kutosha watu wanne, nikiamini hakuna kitu duniani nisichoweza kukifananisha, mradi nipewe kipande.

Na kipande cha sosi nilikuwa nacho. Lilikuwa doa kwenye shati la kazini la baba, kifuani upande wa kushoto, lililoshinda sabuni zote. Nililikata kwa mkasi, nikalibandika kwenye daftari, nikapika nyanya na vitunguu saumu na siki mpaka nikaipata rangi ile bila kukosea hata chembe. Ladha ndiyo iliyonishinda.

Na haya hayakuwa mchezo. Mwaka ule mama aliugua homa ya mapafu. Mapafu yakapona, hamu ya kula ikabaki hukohuko hospitali. Siku tuliyomrudisha nyumbani, baba, mtu anayelalamikia hata kapu la sokoni, alimbeba kutoka kwenye teksi hadi kitandani bila kuhema. Hapo ndipo nilipoogopa. Daktari alikuwa ametuambia tumpe chochote anachokitamani, kisha Jumatatu ya wiki ya pili tumpeleke akapimwe uzito. Akipungua tena, analazwa.

Mama alitamani kitu kimoja tu: kuku wa kukaanga na sosi ya dirishani.

Dirishani palikuwa duka lisilo na mlango wa wateja. Palikuwa na dirisha lenye nondo, harufu ya mafuta, na mkono unaotoka na mfuko. Mwenye mkono tulimwita Bwana Dirisha, na sura yake hatukuwahi kuiona vizuri. Kila Ijumaa, kwa miaka kumi na minane, baba alipitia pale akitoka kazini, akaja na kuku ndani ya karatasi na sosi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Alivua shati, akaenda moja kwa moja jikoni na kusema, "Msiinuke, leo naandaa mimi." Mama aliwatambia majirani kwamba mumewe huingia jikoni kila Ijumaa. Kisha alikula, akafuta sahani kwa mkate, na kusema, "Mikono ya yule bwana! Mimi napika tangu nina miaka tisa na hapa sijafika."

Halafu barabara ikapanuliwa, na dirisha likaenda pamoja na ukuta wake.

Basi nikapika. Bakuli la tatu lilikuwa chungu, la sita lilimtoa machozi paka, la tisa baba alilisifu haraka mno. Alikuwa na tabia ya ajabu siku zile, huyo baba. Alisimama mlangoni pa jikoni akinitazama, anafungua mdomo, anaufunga. Mara moja alisema, "Labda ingepata kitu kikali..." halafu akakohoa na kutoka kwenda kumwagilia maua. Alimwagilia mara nne siku hiyo. Yale maua yalikufa kwa kuzama.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku mbili, nilimpata Bwana Dirisha kwenye karakana ya baiskeli ya binti yake. Alikuwa amekaa juu ya ndoo anaziba pancha. Niliutambua mkono kabla ya mtu.

"Sosi nimestaafu nayo," alisema bila kuinua macho. "Nitakufa nayo."

"Mama yangu ndiye atakayetangulia asipokula."

Aliacha pancha, akaitazama sura yangu, ambayo ni ya baba mtupu. "Mama yako ni mke wa yule mzee wa Ijumaa?"

"Ndiye."

Akafuta mikono. "Nunua nyanya zilizoiva kupita kiasi. Kesho asubuhi nakuja."

Alikuja na mwiko wake mwenyewe ndani ya gazeti. Alifunga pazia la jikoni ili siri isitoke, akasahau kwamba mimi nilikuwa ndani namenya vitunguu. Ilipoiva, alichovya kidole, akafumba macho kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa upendo. Nikaitazama rangi: ilikuwa ileile ya doa. Nilitaka kulia kwa furaha.

Bakuli alilipeleka chumbani mwenyewe. Kwa heshima ya mgeni mama alijikongoja akakaa, akavuta mtandio. Akaonja. Akatafuna muda mrefu kitu ambacho hakitafunwi.

"Ahsante sana, shemeji," alisema. "Ila siyo hii."

"Siyo hii?"

"Inafanana nayo. Kama mtu na mdogo wake."

"Shemeji, sosi hii nimeipika miaka ishirini na miwili."

"Basi umeisahau."

Sijawahi kuona mtu mzima akidhulumiwa vile. Bwana Dirisha alimgeukia baba kama anayemwita shahidi mahakamani. "Mzee, wewe mteja wangu. Sema!"

Baba alikuwa ameshika kitasa cha mlango, jasho linamtiririka. Wahenga walimpa mwizi siku arobaini. Baba yangu alijichukulia miaka kumi na minane.

"Mama watoto," alisema, "sosi ilikuwa haifiki."

"Haifiki wapi?"

"Nyumbani. Njia ndefu, na mimi nina njaa. Nilikuwa nakaa pale kituo cha basi, nachovya paja moja. Nikishtuka, mfuko uko nusu."

"Na hiyo iliyokuwa inajaa mezani?"

"Nilikuwa naijaza jikoni. Kwa pilipili yako ya kusaga, ile ya kwenye chupa juu ya sinki. Na maji."

"Maji gani?" aliuliza Bwana Dirisha.

"Ya bomba."

"Uliitia maji ya bomba sosi yangu?" Sauti yake ilikuwa ya mfiwa.

"Siku ya kwanza niliogopa tu," baba alimwambia mama. "Lakini ulionja ukasema haijawahi kuwa tamu kama leo. Nikaona, mimi ni nani niharibu?"

"Na panya?" mama aliuliza. "Miaka yote nasema kuna panya anaiba pilipili yangu, na wewe ukanunua mtego!"

"Panya hali pilipili. Nilishangaa hukuliwaza hilo."

Nilikaa kitandani. Doa langu lilikuwa la kituoni, kabla ya chupa na bomba. Nilifananisha bila kosa kitu ambacho mama hakuwahi kukila, na wala sikujiuliza shati la kazini lilipataje sosi, ilhali baba hulivua kabla ya kula. Jicho mimi.

Mama aliteremsha miguu sakafuni. Siku kumi na mbili hakuwa amesimama bila kushikwa. Nilimkimbilia, akanipiga kiganja. Aliambaa ukuta hadi jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaamuru pilipili zichomwe, saumu iondolewe kwangu kwa kuwa naikata kama seremala, ndimu ikamuliwe. Alisaga mwenyewe, akipumzika kila mara, akimtukana baba kwa pumzi iliyobaki. Kisha akamsukumia baba bakuli la Bwana Dirisha.

"Changanya. Mbele yangu, ulivyokuwa unanifanyia."

Baba alichanganya. Maji aliyatia kwa kukisia. Rangi iliyotoka ilikuwa ya udongo wa mfereji, na dukani ningeimwaga.

Kesho yake mizani ilionyesha robo tatu ya kilo zaidi. Daktari akauliza tumempa nini, nikamjibu hasira. Lakini Jumapili ile hatukujua bado. Tulisimama watatu kumzunguka, Bwana Dirisha amekumbatia mwiko wake, tukamwangalia akichovya kuku niliyemkaanga asubuhi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na sikuona haya.

"Miaka kumi na minane," mama alisema mdomo umejaa, "namsifia mwanamume mwingine kwa pilipili yangu."

"Nilikuwa napenda kukusikia," baba alisema taratibu. "Unavyojisifu bila kujua."

Baba akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mkono kuelekea kwenye sosi. Mama akalisogeza bakuli upande wake, pasipofika mkono ule, akaendelea kula.