Benzi la Mzee Jamaldine Linauzwa

Jumamosi asubuhi Latifo alilitoa benzi uani kwake, akaliegesha mbele ya duka lake, akalifuta kwa kanga kuukuu, kisha akaegemeza kwenye kioo cha mbele kipande cha boksi alichoandika kwa mkaa: VENDE-SE, yaani linauzwa. Chini yake akaongeza, kwa ajili ya wasiojua Kireno: GARI ZIMA.

Zima lilikuwa zima kweli, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Tangu vita, mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, hakukuwa na kitu kizima. Msikiti ulibaki na nusu paa, shule ilibaki na kuta, na hata kengele ya kanisa ilikuwa na tundu la risasi, ikilia kwa sauti ya sufuria. Halafu katikati ya mji kama huo linasimama gari la mwaka sabini na mbili, rangi ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, bampa linang'aa hadi mbuzi wanasimama kujitazama. Watu walipita, wakamsalimu Latifo, wakatazama matairi, wakaenda zao bila haraka waliyokuja nayo.

Kila mtu alilijua. Lilikuwa la Mzee Jamaldine, aliyelinunua ujanani kwa meneja Mreno wa mashamba ya minazi siku Mreno yule alipokuwa akifungasha kurudi kwao. Akalitunza kuliko meno yake. Viti alivipaka mafuta ya nazi kila Alhamisi, na maharusi wote wa mji alisafiri nao yeye, bure, kwa sharti moja tu: bibi harusi asiingie na mchanga miguuni.

Siku ya vita, Mzee Jamaldine alitoka mjini na benzi lake kwa barabara ya Pundanhar, Latifo jirani yake akiwa kiti cha pembeni. Mkewe, Awa, na binti yao, Zuleica, walikuwa pwani wakinunua samaki. Wao walisombwa na mashua ya watu waliokuwa wakikimbia, wakafika kisiwa cha Vamizi, kisha mji wa Pemba, hukohuko Msumbiji. Palma ilipotulia wakarudi. Latifo naye akarudi, kutokea upande wa Mtwara. Mzee Jamaldine hakurudi. Latifo alisema walipotezana porini. Kuhusu gari hakuulizwa, maana watu walidhani limeungua kama vingine.

"Nimelinunua Mtwara," Latifo alimwambia mama muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara, ingawa mama yule hakuwa ameuliza.

"Kwa nani?"

"Kwa Mhindi mmoja."

"Mhindi gani huyo?"

"Amekufa."

Mama akageuza kitumbua. "Wanakufa upesi watu wa Mtwara," alisema.

Habari ilimfika Awa kabla ya adhuhuri, lakini hakutoka kwenda kutazama. Gari hakuwa na haja nalo. Yeye alikuwa akitaka eda. Tangu arudi kutoka Pemba alikuwa amekwenda mara nyingi kwa Mwalimu Fauzi, imamu wa msikiti wa nusu paa, na kila mara Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba hakuna aliyeona maiti, hakuna aliyeona kaburi, kwa hiyo mbele ya sheria Jamaldine ni msafiri. Msafiri hasomewi hitima. Mke wa msafiri haketi eda. Na kumlilia mtu aliye hai ni kumchuria. Basi Awa alipika, alifua, alikwenda kwenye harusi za watu akapiga vigelegele, na machozi yakamkaa kifuani kama tonge kavu. Alikuwa amechoka. Alitaka ruhusa ya kulia, basi.

Aliyekwenda ni Zuleica. Alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye mlango, hakupata hata mkwaruzo.

"Naweza kuona ndani, tio Latifo?" akauliza, akimwita mjomba kwa Kireno.

"Mbona! Wewe si mtu wa nyumbani?" Latifo alisema. Akasogea kwenye mlango wa nyuma, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hodi."

"Karibu," sauti ikaitika kutoka ndani. "Karibu ndani. Kung'uta miguu tu."

Mlango ukafunguka wenyewe. Ndani hakukuwa na mtu.

Muuza vitumbua aliitambua sauti, na wanaume waliokaa kwenye baraza la duka wakaitambua. Mmoja wao alisema Mzee Jamaldine anasikika ana mafua. Wengine wakakubali kwamba ni kweli, na kwamba msimu wenyewe ndio wa mafua. Zuleica alikuwa akimtazama Latifo.

"Tio," alisema, "hivi mtu hupiga hodi kwake?"

Latifo akaanza kukifuta tena kioo kilichokwisha kufutwa. Alisema mlango huo una kawaida hiyo, usipopigiwa hodi haufunguki, na magari ya zamani yote yana kawaida zake. Watu wa Palma wanajua kwamba hodi hupigwa kwenye nyumba ya mwenzio, na anayepiga anakiri kwamba mwenyewe yumo. Latifo alikuwa amekiri kwa kinywa chake, mchana kweupe.

Zuleica akaenda kumchukua mama yake.

Awa alikuja na kanga za kupikia, mikono inanuka vitunguu. Watu wakampisha. Hakugonga kioo wala hakubisha. Katika ndoa yake yote hakuwahi kumpigia mumewe hodi, na hakuona sababu ya kuanza leo. Akashika kitasa, mlango ukafunguka, akaketi kiti cha nyuma na kuacha miguu nje kwa sababu ya mchanga.

"Umechelewa," sauti ikasema.

"Nimechelewa wapi, Baba Zuleica?"

"Latifo hajakuambia? Tulisikia bunduki, nikataka kugeuza nije kukuchukua. Akasema, wewe macho yako hayaoni vizuri, nipe ufunguo nikamlete mimi, ngoja hapa. Nikashuka. Nangoja."

"Uko wapi?"

"Palepale. Kabla ya Pundanhar, penye daraja la magogo. Nimekaa kwenye jiwe."

Awa akamtazama Latifo. Latifo akasema jua ni kali leo. Ni aibu kubwa kusikia mtu akisifia jua wakati kama huo, na waliokuwa barazani waliiona aibu hiyo, wakainamisha macho kwa niaba yake.

Mwalimu Fauzi alikuwa amekwisha kufika. Awa akamuuliza mbele ya watu kama hayo yanatosha. Mwalimu akafikiri, akasema aulizwe mwenyewe. Awa akageuka ndani.

"Baba Zuleica, nijibu kweli. Umekufa?"

Ikasikika kama mtu anayejipapasa mifuko.

"Sijui," ikasema. "Hapa hakuna mtu wa kumuuliza."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni. Anayesema hajui si shahidi, alisema, na anayeitikia hodi huhesabiwa mzima mpaka ithibitike vinginevyo. Eda hakuna.

Zuleica akamshika mama yake mkono, wakaenda kituo cha polisi. Komandanti aliwasikiliza vizuri, akawapa viti. Akasema wizi wa gari ni kosa kubwa, lakini ikiwa imamu amesema mzee yu hai, mlalamikaji ni mzee mwenyewe, na inabidi afike. Zuleica akaomba basi wasindikizwe hadi kwenye daraja la magogo wakamtazame. Komandanti akasema barabara ya Pundanhar imefungwa kwa raia, hawezi kuhatarisha askari kwa ajili ya mtu mzima wa afya aliyekaa kwenye jiwe.

"Pronto, basi," Zuleica alisema, akainuka.

Mnunuzi alikuja Jumatatu. Aliitwa Sebastião, alikuwa akijenga hoteli Pemba, na alitaka gari la kuwapokea wageni wakubwa. Latifo alimwonyesha jinsi ya kugonga kioo. Sauti ilipomkaribisha, Sebastião alifurahi sana. Akasema huduma ya namna hiyo wageni watailipia.

Wakati wanaume hao wawili wakiongea dukani, Awa aliingia garini kwa mara ya mwisho.

"Baba Zuleica," alisema, "Latifo analiuza gari."

"Analiuza?" Sauti ikawaza. "Basi amepata shida, maskini. Nilijua tu, isingekuwa shida angekwisha kuja." Kisha ikasema, "Mwambie amweleze anayenunua kwamba gia ya pili inashika. Isilazimishwe, ibembelezwe. Ataiharibu."

"Na wewe?"

"Mimi nipo. Aliniambia ningoje."

Awa akatoka. Hasira alikuwa nayo, lakini ujumbe wa mume ni ujumbe wa mume. Akaingia dukani, akasimama mbele ya Latifo, akamweleza habari ya gia ya pili neno kwa neno, bila kumtukana. Latifo akasikiliza akiwa ameinama.

Kisha akamgeukia mnunuzi. "Kuna jambo moja, senhor," alisema. "Gia ya pili inashika. Usiilazimishe, ibembeleze."

Sebastião akamtazama kwa heshima mpya. Akasema amenunua magari Nampula, Beira, hadi Maputo, na hajapata kuona muuzaji anayetaja kasoro ya gari lake mwenyewe. Akampa mkono.

"Wewe ni mtu mwaminifu," alisema. Latifo akaupokea mkono, akashukuru.